Hatua Ipi Imemshinda? Maswali ya Wasomaji Kuhusu Kujifunza Upya Baada ya Ubongo Kuumia

Safu hii hujibiwa na watoa tiba kwa vitendo, yaani wanaomsaidia mtu arudie kuvaa, kula, kuoga na kupika baada ya ajali au ugonjwa. Barua za safari hii zimetoka zaidi kwa wanaouguza ndugu zao nyumbani, na nyingi zinauliza jambo lilelile: nimsaidie kiasi gani? Jibu linategemea hatua gani hasa inayomshinda. Watu wawili wanaweza kushindwa kuvaa shati lilelile, mmoja kwa kuwa mkono hauna nguvu, mwingine kwa kuwa ubongo wake hautambui kwamba shati lina upande wa kushoto. Msaada unaomfaa huyu utampotezea muda yule.

SWALI: Mume wangu aligongwa na gari miezi minne iliyopita, akaumia kichwa. Upande wake wa kushoto ni dhaifu na mkono umelegea. Nikimvalisha mimi tunamaliza kwa dakika tano. Akivaa mwenyewe anahangaika nusu saa, shati linajiviringa mgongoni, mwishowe anakasirika na kulitupa. Niendelee kumvalisha? (Mke)

JIBU: Usimvalishe kila kitu, wala usimwachie kila kitu. Kuna sehemu ya kati, na hapo ndipo anapojifunza.

Tuanze na shati. Likijiviringa mgongoni, mara nyingi ni kwa sababu mkono wa shati haukupandishwa hadi begani kabla ya shati kuzungushwa nyuma. Kitambaa kinakwama kwenye kiwiko cha mkono dhaifu, kisha kila anachovuta kinazidi kukaza.

Akae kwenye kiti imara chenye mgongo, nyayo zote mbili zikiwa sakafuni. Ukingo wa kitanda haufai kwa sasa, maana godoro linabonyea na nguvu zake zote zinaishia kujizuia asianguke. Shati la vifungo lilazwe mapajani, ndani kukitazama juu, ukosi ukielekea kifuani na pindo likielekea magotini. Likikaa hivyo, mkono wa kushoto wa shati unakuwa upande wake wa kushoto na hana haja ya kubuni. Tundu lake lifunguliwe wazi, kisha auinue mkono dhaifu kwa ule mzima na kuuingiza humo. Kanuni ya nguo zote ni hii: upande dhaifu huingia kwanza wakati wa kuvaa, na hutoka mwisho wakati wa kuvua. Avute kitambaa kipite kiganja, kipite kiwiko, kifike juu ya bega. Hapo ndipo ashike ukosi kwa mkono wa kulia, auzungushe nyuma ya shingo, aingize mkono mzima, kisha ainame mbele kidogo na kuvuta pindo lishuke mgongoni. Vifungo aanze na cha chini kabisa, kwa kuwa anakiona vizuri na pande mbili za pindo zinamwonyesha kama amelinganisha.

Kifungo cha mkono wa kulia wa shati ndicho kigumu kuliko vyote, kwa sababu mkono unaoweza kukifunga ndio uliomo ndani. Kishonee kwa uzi wa mpira, kibaki kimefungwa siku zote, na kiganja kitapenya.

Kwa suruali, apandishe mguu dhaifu juu ya ule mzima, aingize unyayo, avute hadi chini ya goti. Akivuta kupita goti mapema, kitambaa kinachobaki hakitoshi kuingiza mguu wa pili. Ashushe mguu, aingize ule mzima, avute kadiri awezavyo akiwa amekaa, kisha asimame ukiwa umesimama upande wake dhaifu. Anaposimama suruali huporomoka, naye huinama kuidaka. Watu wengi huangukia hapo. Kiganja dhaifu kiwekwe ndani ya mfuko wa suruali kabla ya kusimama, nacho kitaizuia isishuke. Kama bado hawezi kusimama salama, alale chali, akunje magoti, anyanyue makalio na kuivuta hivyo.

Sasa namna ya kumfundisha. Anzia mwisho. Wiki ya kwanza fanya wewe hatua zote, umwachie kifungo cha mwisho tu. Akikimudu asubuhi tatu mfululizo bila neno lako, mwachie viwili, kisha vyote, kisha kushusha pindo, urudi nyuma hivyo hivyo hadi hatua ya kwanza. Kila siku yeye ndiye anayemaliza kazi, na anaifikia kabla nguvu hazijaisha. Ukimwanzisha mwanzoni na kumwokoa katikati, anachokumbuka ni kushindwa tu. Tunadhani hasira unayoiona inatoka hapo, ingawa jeraha lenyewe pia linaweza kupunguza uwezo wa kuzuia hasira.

Akikwama, hesabu kimoyomoyo hadi kumi kabla ya kufanya lolote. Ubongo ulioumia mara nyingi huchelewa kupanga tendo, na ukisema katikati ya kupanga anaanza upya. Hesabu ikiisha bado amekwama, msaidie kwa kiasi kidogo kinachotosha: onyesha kwa kidole; isipotosha sema neno moja; isipotosha gusa mkono wake; mwisho ndipo uuongoze mkono wake kwa wako. Siku ya miadi ya hospitali mvalishe wewe, bila kujilaumu. Nguvu zake zinahitajika kwingine siku hiyo.

Na jambo moja la kukazia: usimvute kwa mkono dhaifu, wala usimnyanyue kwa kumshika kwapani. Misuli inayoshikilia kichwa cha mfupa ndani ya tundu la bega imelegea, na kuvutwa kunaweza kuleta maumivu ya miezi mingi. Akikaa, mkono huo uegemee mto au meza, usining'inie.

SWALI: Mama yangu alivuja damu upande wa kulia wa ubongo. Anakula nusu ya sahani, anasema chakula kimekwisha. Anajigonga kwenye milango. Daktari wa macho anasema macho ni mazima. Tukimwambia, anakana. (Binti yake)

JIBU: Unayoyaeleza yanafanana sana na hali ya kupuuza upande mmoja. Huwapata zaidi walioumia upande wa kulia wa ubongo, na upande unaopotea ni wa kushoto. Taarifa kutoka kushoto inaingia machoni, ila umakini hauendi huko. Kukana kwake nako mara nyingi ni sehemu ya jeraha. Hafanyi ukaidi, kwa hiyo kubishana naye hakutamfikisha popote.

Mwombe mtaalamu atofautishe hali hii na kupotea kwa nusu ya uono, kwa sababu mazoezi hayafanani. Aliyepoteza nusu ya uono kwa kawaida hugundua upungufu wake, akaanza kugeuza kichwa mwenyewe. Anayepuuza hageuki, kwa kuwa kwake hakuna kilichokosekana. Wapo wenye yote mawili.

Mezani, bandika utepe mwekundu mnene ukingoni kushoto mwa mahali anapokula. Kabla ya kila mlo atafute utepe kwanza, auguse kwa kidole, ndipo aanze kula kutoka hapo kuelekea kulia. Mwanzoni utamgeuza kichwa kwa kumgusa shavu la kushoto, baadaye utauliza tu, "Utepe uko wapi?" Utepe huohuo hutumika kwenye ukurasa wa kusoma, kwa kuuweka pambizo la kushoto. Pale anaposema amemaliza, usimwambie amekosea. Muulize kama amefika kwenye utepe, na umwache agundue. Mgunduo wake mwenyewe hudumu kuliko masahihisho yako, na ukirudiwa kila mlo ndio unaoanza kumfungua macho kuhusu hali yake. Kumzungushia sahani kunamshibisha bila kumfundisha. Kufanye tu anapokuwa amechoka au anapopungua uzito.

Unapozungumza naye, anza pale anapokuona, kisha sogea polepole kuelekea kushoto huku mkiendelea kuongea, akufuate kwa macho. Kukaa kushoto moja kwa moja na kumsemesha humfanya aonekane kiziwi. Kengele ya kuita, simu na maji ya kunywa vikae kulia daima. Vitu vya usalama si vya mazoezi.

Kama anatumia kiti cha magurudumu, angalia breki ya kushoto kila anapotaka kusimama. Watu wa hali hii hufunga ya kulia, wakaamini kazi imekwisha, kiti kikawageukia. Vika mpini wa breki hiyo utepe mwekundu, au mwombe fundi aurefushe, na umzoeze kusema kwa sauti: "kulia, kushoto, simama." Angalia pia mkono wa kushoto ulipo kabla kiti hakijasogea, maana unaweza kuwa kwenye gurudumu naye asihisi. Maji ya kuoga ayapime kwa mkono wa kulia. Maji ya nyuzi 60 za Selsiasi huunguza ngozi kwa sekunde chache, na ngozi isiyohisi haitampa onyo. Barabara asivuke peke yake, hata siku anayoonekana amepona kabisa.

SWALI: Kaka yangu anashika mswaki na kuupitisha kwenye nywele. Juzi alisukutua kwa sabuni ya maji. Lakini asubuhi nyingine anapiga mswaki vizuri bila kuambiwa. Nyumbani wengine wanasema anajifanya. (Mdogo wake)

JIBU: Hajifanyi. Kuna aina ya jeraha, mara nyingi la upande wa kushoto wa ubongo, ambalo humwachia mtu nguvu na hisia lakini likavuruga mpango wa tendo: kitu hiki hutumikaje, na nini hutangulia nini. Mara nyingi huja pamoja na ugumu wa kuzungumza au kuelewa maneno. Kufaulu asubuhi moja na kushindwa nyingine ndiko kunakoipambanua. Akiwa bafuni, wakati wa kawaida, mswaki mkononi, mazoea ya zamani hujiwasha yenyewe. Ukimwamuru sebuleni "hebu onyesha unavyopiga mswaki," njia hiyo haipo.

Kwa hiyo zoezi lifanyike mahali pake halisi, saa yake halisi, kwa kitu chake halisi. Kuigiza mkono mtupu hakumsaidii. Ondoa vyote visivyohitajika kwenye sinki: kitana, wembe, sabuni ya maji, chupa za mafuta. Vibaki mswaki, dawa ya meno na kikombe, kila siku mahali palepale. Weka mpini wa mswaki kiganjani mwake ukiwa umeelekea anavyotakiwa kuushika. Simama nyuma yake kidogo, mkono wako juu ya wake, mwanzishe mwendo wa kwanza hadi kwenye meno. Ukihisi mkono wake umeanza kujiongoza, legeza wako papo hapo. Ukiendelea kushika, unafanya mazoezi wewe.

Nyamaza. Hili ni gumu kwa ndugu wenye upendo, nalo ndilo linaloharibu mazoezi mengi. Maneno "sasa geuza, hapana, kule, juu" yanadai ubongo uleule ufasiri lugha huku ukipanga tendo. Neno moja fupi, lilelile kila siku, linatosha. Akianza kukosea, mzuie mkono kwa upole kabla hajafika kwenye nywele, umrudishe kwenye njia. Kosa lililokamilika linaweza kujifunzwa kama tendo sahihi.

Usitarajie kwamba akimudu mswaki atamudu na kitana. Ujuzi wa hali hii hauhami kirahisi, na kila kazi hufundishwa kivyake. Chagueni mbili au tatu zenye maana kwake, mziboreshe. Na sabuni za maji, dawa za kusafishia choo na visu vifungiwe, kwa sababu aliyesukutua kwa sabuni anaweza kunywa kitu kibaya zaidi.

SWALI: Binti yetu ana miaka 19. Ukimuuliza namna ya kutengeneza chai anataja hatua zote bila kukosea. Lakini hukaa tu jikoni akitazama birika. Akianza, anaweza kutoka na kuacha jiko linawaka. Je, ni uvivu au huzuni? (Baba)

JIBU: Huzuni baada ya jeraha la ubongo ni ya kweli na hutibika, kwa hiyo daktari amwangalie: usingizi, hamu ya kula, kulia, maneno ya kukata tamaa. Ila kujua hatua na kushindwa kuzianza ni dalili inayojulikana sana ya jeraha la sehemu ya mbele ya ubongo. Sehemu hiyo ndiyo inayowasha tendo, inayofuatilia lilipofikia na inayolizima. Maelezo zaidi hayatamsaidia, maana maelezo anayo. Anahitaji kitu nje ya kichwa chake kinachofanya kazi ya kuwasha na kufuatilia.

Tumia trei. Panga juu yake, kutoka kushoto kwenda kulia, vitu vyote kwa mpangilio wa matumizi: kikombe cha kupimia maji, majani, sukari, kijiko, kikombe cha kunywea. Kila kitu kikishatumika kihamie upande wa pili wa meza. Akipotewa katikati, trei yenyewe inamwambia alipofika. Bila hivyo hutia sukari mara mbili au husahau majani, kwa sababu hana alama ya lililokwisha. Ukutani bandika kadi ya hatua zisizozidi saba, kila moja ikianza na tendo: "Pima vikombe viwili vya maji." "Mimina kwenye birika." "Washa." "Bonyeza saa ya kuhesabia." Aweke alama ya kalamu kila anapomaliza moja.

Saa ya kuhesabia dakika akae nayo shingoni au mfukoni. Ikiachwa mezani, italia jikoni naye yuko barazani. Sheria ya nyumba iwe moja na isiwe na msamaha: moto ukiwaka, mguu hautoki jikoni. Mwekee kiti humo.

Anzeni na maji baridi, bila moto, mpaka apite hatua zote siku tatu bila kukumbushwa. Kisha moto, nawe ukiwa ndani lakini umekaa. Kisha ukiwa mlangoni. Badala ya kumwambia "washa jiko," muulize "nini kinafuata?" Amri humfanya akungoje wewe, swali humrudisha kwenye kadi. Akikaa kimya akitazama birika, mpe kikombe cha kupimia mkononi. Kwa wengi kitu kikishakuwa mkononi tendo hufuata.

Kama mkono mmoja ni dhaifu pia, tandika kitambaa kilicholoweshwa na kukamuliwa chini ya kikombe ili kisiteleze, na birika lisijazwe zaidi ya nusu. Alivute juu ya meza kuelekea kikombe, asitembee nalo.

SWALI: Mgonjwa wetu husahau kila kitu. Tunamwambia "jaribu kukumbuka" lakini hubahatisha majibu. Alishameza dawa mara mbili kwa siku moja. (Familia)

JIBU: Acheni "jaribu kukumbuka." Mwenye jeraha la kumbukumbu akibahatisha, jibu lisilo sahihi hubaki, kwa sababu kumbukumbu ya mazoea bado inafanya kazi wakati ile ya matukio imeharibika. Analishika kosa bila kukumbuka kwamba lilikuwa kosa. Utafiti wa Alan Baddeley na Barbara Wilson uliochapishwa Uingereza mwaka 1994 ulionyesha kwamba watu wenye upotevu mkubwa wa kumbukumbu hujifunza vizuri zaidi wakizuiwa kukosea tangu mwanzo.

Kivitendo: chagueni jambo moja, kwa mfano mahali daftari linapokaa. Mwambie, "Daftari liko kwenye begi la bluu," kisha muulize hapo hapo. Akijibu, muulize tena baada ya sekunde 30, kisha dakika 1, 2, 4, 8, mkizungumza mambo mengine katikati. Akisita, mpe jibu sahihi mara moja, alirudie, mrudi kwenye muda wa mwisho aliofaulu. Asijibu tu kwa mdomo, aende alichukue. Kesho yake anzeni tena na muda mfupi.

Daftari liwe moja, kalamu imefungwa kwa uzi, kila siku ukurasa wake. Karatasi zilizotawanyika nyumbani humchanganya. Haitoshi kumpa, atazoezwa kulifungua kwa saa zilezile, asubuhi, mchana na jioni, hadi mkono uende wenyewe. Kengele ya simu nayo isiandikwe "dawa." Iandikwe "meza kidonge cheupe kimoja sasa, kisha tia alama kwenye daftari." Ilie wakati yupo karibu na dawa, maana akiizima akiwa nje, tendo limepotea.

Dawa zenyewe zipangwe na mtu mwingine kwenye kisanduku chenye vyumba vya siku na saa, mara moja kwa wiki, na chupa kubwa zifungiwe. Chumba kitupu ndicho ushahidi kwamba amekwishameza. Kwa dawa za kifafa, sukari au za kuzuia damu kuganda, msimwachie hata kisanduku mpaka mwe mmekihakiki kwa wiki kadhaa.

SWALI: Imepita miaka miwili tangu nipate kiharusi. Mkono wangu wa kulia una uhai kidogo ila nimezoea kutumia wa kushoto. Nimechelewa? (Msomaji)

JIBU: Kasi ya miezi sita ya mwanzo hairudi kwa ukubwa ule, lakini kujifunza hakujafungwa. Swali la maana ni uhai huo ni kiasi gani. Weka mkono kwenye meza, kiganja kikining'inia ukingoni: je, unaweza kukiinua kifundo na kufungua vidole, hata kidogo? Kama ndiyo, muulize mtaalamu wako kuhusu mbinu iliyotokana na kazi ya Edward Taub, ambapo mkono mzima huvishwa glovu nene ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Katika jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, washiriki, waliokuwa miezi 3 hadi 9 baada ya kiharusi, walivaa glovu sehemu kubwa ya saa za kuwa macho kwa wiki mbili, wakifanya mazoezi kwa muda wa hadi saa 6 kila siku ya kazi. Mbinu hiyo imetumika pia kwa waliougua miaka mingi nyuma. Glovu ivuliwe kwenye ngazi, majini, karibu na moto na popote unapohitaji kujishika.

Kama vidole havifunguki kabisa, mbinu hiyo haikufai kwa sasa. Upe mkono kazi ya kushikilia: kukandamiza karatasi unapoandika, kubana chupa mapajani unapofungua kifuniko. Fanya hivyo kila siku, ndani ya kazi halisi.

SWALI: Asubuhi ndugu yangu anafanya vizuri, ikifika saa nane mchana anasahau hata aliyoyajua. Je, anarudi nyuma? (Mlezi)

JIBU: Yaelekea ni uchovu wa ubongo. Ni moja ya malalamiko ya kawaida kabisa baada ya jeraha, na haulingani na kazi iliyofanyika. Kuongea na wageni wawili kunaweza kumchosha kuliko kutembea. Mazoezi mapya yawekwe saa zake nzuri, kwa vipindi vya dakika 15 hadi 20, na mapumziko yaje kabla hajachoka, kwenye chumba kimya bila redio wala simu. Andika kwa wiki moja saa anazoanza kukosea. Mara nyingi utaona jambo lililotangulia, kama kelele, kuoga, usingizi mbaya au mlo uliorukwa.

Kushuka kwa kila alasiri kunakopona baada ya kupumzika ni uchovu. Kushuka kusikopona ni jambo jingine. Maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi mzito usio wa kawaida, degedege, udhaifu mpya wa mkono au mguu, kuanza kuyumba au kujikojolea ghafla kwa mtu aliyekuwa amemudu: hayo yasisubiri mazoezi ya kesho. Mpelekeni hospitali siku hiyohiyo, na mchukue daftari lake mkawaonyeshe madaktari tarehe na saa mambo yalipoanza kubadilika.